Salamu Kabla ya Nchi Kavu

Siku tulipomzika mume wangu, mzee wa kanisa aliyesoma historia ya marehemu aliisoma mbiombio kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza kutishia upande wa reli, na alipofika kwenye mstari unaosema kwamba marehemu aliwahi kuwa bingwa wa kuogelea masafa marefu, baadhi ya watu walicheka. Siwalaumu. Hapa Makambako hakuna mahali pa kuogelea. Sisi wa mtaa wa Lyamkena maji tunayajua kwenye ndoo, na hata hayo tunayapangia foleni. Walimjua Damiano kama fundi wa pampu, mzee mpole wa mabega mapana kupita koti lolote la dukani, aliyeoga nusu ndoo na kuacha nusu nyingine kwa ajili ya mtu mwingine. Mstari ule niliuandika mimi mwenyewe usiku wa msiba, na nilipokuwa nauandika nilijiuliza kama nina haki ya kuuandika. Kisha mvua ikanyesha kweli, watu wakaondoka kwa makundi, na nyumba ikabaki na sufuria za kuazima na wifi yangu Skola, mdogo wake marehemu, aliyepanda kutoka Nyasa na mguu wake mbovu na kusema kwamba hatashuka mpaka vyombo vyote virudi kwa wenyewe. Siku ya nne, tukiwa tunaosha vyombo hivyo, Skola aliniambia jambo ambalo tangu hapo sijalala vizuri. Nitalifikia. Lakini haliwezi kueleweka bila ule mwaka mmoja wa Njombe, na mwaka ule sijawahi kumsimulia mtu yeyote mpaka mwisho. Kila nikiuanza nilikuwa naishia njiani.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya misheni na Kiingereza cha darasani, nikapata kazi ya jikoni kwa Mzungu mmoja aliyesimamia shamba la miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, nje kidogo ya mji wa Njombe. Jikoni kwenyewe kulikuwa chumba cha mawe kilichojitenga na nyumba kubwa, paa la bati, jiko la kuni lenye milango minne ambayo mmoja haukufungika, na dirisha lililotazama bwawa. Bwawa lile lilichimbwa kwa ajili ya kiwanda cha magome. Mwezi wa saba asubuhi lilifuka kama chungu, na nyasi za ukingoni zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Humo ndimo Bwana alimoogelea kila alfajiri, mvua au jua, na ndiyo maana vibarua walimwita Bwana Chura. Alikuwa anajua. Mkewe mwenyewe, Memsahabu, akikasirika, alikuwa anamwita hivyo hivyo. Zamani kwao alikuwa muogeleaji wa mashindano, bega likaharibika vitani, na nadhani alikuja mpaka kwetu kwenye ubaridi ili asahau, halafu akachimba bwawa.

Damiano alikuwa kibarua wa kumenya magome, Mkisi kutoka mwambao wa Nyasa. Siku moja matawi yaliziba mlango wa bwawa, maji yakaanza kupanda kuelekea kiwandani, na hakuna mtu aliyetaka kuingia. Sisi Wabena maji ni ya kunywa na kufulia. Mtu mzima kuingia kwenye maji marefu kwa hiari yake ni jambo la kuitiwa wazazi. Damiano alivua shati, akaingia, akazibua. Hadithi ingeishia hapo. Lakini badala ya kutoka alivuka bwawa lote mpaka upande wa pili, akarudi, akageuka akaenda tena. Bwana Chura alikuja mbio akidhani mtu ameshikwa na mkakamao wa baridi. Alipomuuliza kwa nini hatoki, Damiano alimjibu kwa adabu kabisa, "Samahani Bwana, nilikuwa bado sijapata joto." Mimi nilikuwa dirishani na sufuria mkononi. Aliogelea bila haraka yoyote, kama mtu anayerudi nyumbani kutoka kanisani na hana mgonjwa wa kumwahi. Mwenda pole hajikwai, na yule hakujikwaa. Tangu siku hiyo hakumenya gome tena.

Kazi yangu nayo ikabadilika. Nilipewa kumlisha. Asubuhi nilipika uji wa ulezi mwembamba, nikatia asali na siagi, na kabla ya hapo niliyeyusha mafuta ya kondoo ambayo Damiano alijipaka mwili mzima kuzuia baridi, mpaka mbwa wa shamba wakawa wanamfuata nyuma kwa heshima kubwa. Alikuwa anakaa majini saa tatu, baadaye saa tano, baadaye mchana kutwa. Bwana Chura alitufundisha sheria za mchezo wao: muogeleaji haruhusiwi kushika mtumbwi, kushika ukingo wala kushika mtu, tangu anapoingia mpaka atakaposimama kwenye nchi kavu kwa miguu yake. Akiguswa hata kwa kidole, kazi yote imekwisha, hesabu inafutwa. Kwa hiyo uji alipelekewa kwenye kikombe cha bati kilichofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Ilinitesa sana ile. Nyumbani kwetu mtu unampa chakula kwa mikono miwili, unapiga goti kidogo, unasema karibu. Huyu nikawa namsukumia kwa mti kama mbwa mkali. Basi nilikuwa naushika mwanzi kwa mikono yote miwili na kupiga goti pale ukingoni kwenye tope, na Bwana Chura alicheka mpaka akakohoa. Damiano hakucheka. Alikunywa, akarudisha kikombe, akasema, "Asante, dada Yudita. Una neno?" Ndivyo walivyo watu wa kwao, hawaondoki mbele ya mtu bila kumuuliza kama ana neno. Nami nilimjibu kila mara kwamba sina.

Katikati ya mwaka alipelekwa Mwanza kushindana ziwani na Wazungu na Wahindi, na akawashinda wote. Alirudi na kikombe cha fedha. Tulikaa naye jikoni, mimi na mpishi mkubwa, mzee wetu Lutengano, tukila viazi na njegere na kumtaka asimulie, na yeye akasimulia habari za nauli, za chumba alicholala, za samaki wa kule kwamba ni wanono lakini hawana utamu wa mbasa wa Nyasa. Kuhusu mashindano alisema tu, "Niliwakuta mbele, halafu nikawaacha nyuma." Kikombe kiliwekwa sebuleni kwa Bwana, juu ya meko, na baada ya wiki Memsahabu alikuwa anatia maua ndani yake. Mzee Lutengano aliguna. Damiano alisema maua ni mazuri. Wakati ule nilidhani ni ujinga. Sasa, baada ya kuishi naye miaka yote hii, najua alikuwa anaona kila kitu na kuchagua cha kusema, na jambo hilo ndilo linalonichosha leo kuliko msiba wenyewe.

Baada ya Mwanza zilianza kuja barua, na baada ya barua akaja mtu. Tulimwita Bwana Saa. Alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye saa mbili, moja mkononi na moja kwenye mnyororo, ametumwa na chama chao cha waogeleaji kushuhudia. Mezani nilikuwa napakua supu na masikio yangu yalikuwa yanapakua habari. Kama Damiano ataogelea ufuo mzima waliouchagua pale Nyasa, tangu kijiji cha kusini mpaka kijiji cha kwao, mbele ya macho ya Bwana Saa na kwa sheria zote, jina lake litaingia kwenye orodha, na mwaka unaofuata chama kitamlipia meli kwenda Ulaya kuvuka ule mlango wa bahari wa kati ya Uingereza na Ufaransa, wanaouogopa wenyewe. Bwana Chura hakula chochote siku hiyo. Memsahabu aliuliza kama kweli wanaweza kumpeleka Mwafrika. Bwana Saa alikata mkate wake taratibu akasema kwamba maji hayaulizi, yeye anaandika tu anachokiona. Nilipomweleza Damiano jikoni aliniuliza, "Huko Ulaya uji wa ulezi upo?" Nikamwambia nitamsagia unga wa kwenda nao. Nilisema kwa utani, lakini moyoni nilikuwa nimeshauweka kwenye mfuko na kuufunga kamba. Nilitaka aende. Nilitaka jambo hilo kuliko nilivyokuwa nimewahi kutaka jambo lolote langu mwenyewe, na nilitaka vilevile asiende, kwa sababu ambazo msichana wa miaka kumi na tisa hahitaji kuzieleza.

Wao wanaume walizunguka kupanda mashua kule kusini. Mimi nilitumwa moja kwa moja kijijini kwao na wapagazi wawili, na blanketi, chai, sukari na sufuria, ili niwe ufuoni atakapofika. Wakati ule gari halikufika. Tulishuka ule mteremko wa Ludewa kwa miguu siku mbili, na kila hatua joto likipanda kutukuta. Kabla sijaondoka Bwana Chura aliniita barazani. "Yudita, hili ni kubwa kuliko chai," aliniambia. "Watu wa kwao watafurahi, watamkimbilia. Waambie wazee wote, mmoja mmoja: asiguswe na mtu yeyote mpaka atoke majini na kusimama nchi kavu peke yake. Hata baba yake asimguse. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Akamgeukia Bwana Saa na kumwambia kwa Kiingereza kwamba binti huyu ana akili, ujumbe utafika kama ulivyo. Maneno yale niliyabeba mteremko mzima na yalikuwa mazito kuliko mzigo.

Tulifika alasiri. Mama yake Damiano alinipokea sufuria, akaninawisha mikono, akaniketisha kwenye mkeka chini ya upenu uliokuwa umejaa vyungu vibichi vinavyokauka. Wazee wanne walikuja, na katikati yao baba yake, mtu mrefu mkimya aliyevaa koti la kanisani kwa heshima yangu ingawa joto lilikuwa la kukaangia samaki. Nikapiga goti, nikawaamkia mmoja mmoja. Wakaniuliza habari za Njombe, za baridi, za wazazi wangu wasiowajua, za mvua, za bei ya mahindi. Nikajibu yote. Kikaletwa chakula, ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa Nyasa, na nilikuwa mgeni kwa hiyo nikamegewa kwanza. Na kila nilipofungua mdomo kutoa ujumbe, nilimwona yule baba. Mwanawe hakuwa amemwona tangu alipoondoka kwenda vibarua, miaka mitatu. Mimi, mtoto wa watu wa juu milimani, niliyelishwa naye samaki dakika ile ile, nimwambie: mwanao akija usimpe mkono. Kwetu kumnyima mtu mkono ni kumwambia kwamba mna kesi. Na kumwambia mzee "usifanye" uso kwa uso, tena ukiwa msichana, hata kwa Kiswahili ambacho hakikuwa lugha ya mama kwangu wala kwake, sikuwa nimewahi kufanya. Watu husema heshima si utumwa. Mimi siku ile ilinifunga mikono na miguu.

Mwisho nilisema hivi, na nayakumbuka maneno yote kwa sababu nimeyarudia kichwani maisha yangu yote. Nilisema, "Baba, kesho Damiano atakapofika atakuwa amechoka sana. Ana mafuta mwili mzima, na Wazungu wana taratibu zao. Huenda asiweze kuwasalimia vizuri inavyopasa. Naomba msimhesabie."

Mzee aliniangalia kwa upole mkubwa. "Hatutamhesabia, mwanangu. Kama yeye hawezi kutusalimia, tutamsalimia sisi."

Na mimi nikasema, "Asante, baba."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Nilisikia kabisa kwamba maneno yangu yamegeuka na kusimama kinyume, na nikashukuru kwa chakula. Nilijiambia kesho asubuhi nitamtafuta mama yake faragha, mwanamke kwa mwanamke. Asubuhi mama yake alikwenda kuchimba udongo mapema. Nilijiambia nitasimama mwenyewe ufuoni na kuwazuia. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa na adabu.

Alitokea jua likiwa limeshaelekea upande wa ng'ambo. Kwanza tuliona mashua, kisha kando yake kitu cheusi kidogo kinachopanda na kushuka. Alikuwa majini tangu kabla ya mapambazuko. Kijiji kizima kilikuwa ufuoni, kimya, na kimya kile kilinipa matumaini. Nilisimama na blanketi mikononi. Akakaribia mpaka tukasikia pumzi zake. Akagusa chini, akaanguka, akasimama. Maji yakawa kifuani, kiunoni, magotini. Uso ulikuwa umevimba na macho yamekuwa madogo sana. Zilibaki hatua kama kumi. Na hapo baba yake, na koti lake la kanisani, na viatu vyake, akaingia majini bila haraka, akanyoosha mkono. Bwana Chura alipiga kelele kutoka kwenye mashua, "Hapana! Hapana! Mzee, hapana!" Watu walidhani anashangilia, wakaanza vigelegele. Damiano alisimama. Aliutazama ule mkono. Nataka nieleze jambo hili sawasawa kwa sababu watu waliokuja kulisimulia baadaye walisema hakujua anachofanya, akili ilikuwa imekwishachoka. Alijua. Aliitazama nchi kavu, akautazama mkono, na akaushika kwa mikono yake miwili, akapiga goti humo humo majini, akasema, "Shikamoo, baba." Kwenye mashua Bwana Saa alitazama saa yake, akaandika, akafunga daftari.

Safari ya kurudi siwezi kuisimulia kwa sababu hapakuwa na maneno. Njombe hatukukaa, Bwana Saa alitaka basi la kwenda Iringa, kwa hiyo lori lilitushusha sote mpaka Makambako. Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda, vumbi, maduka machache na nyumba ya kupumzikia wasafiri yenye baraza ya mbao. Wazungu walikaa barazani na chai. Mimi niliwekwa nyuma ya ukuta, hatua chache tu, nichambue maharage ya mwenye nyumba ili tupate nasi chakula. Damiano alikaa kwenye ngazi ya lori mbele yao, anakula hindi la kuchoma. Nilisikia kila neno. Bwana Chura alikuwa anasihi, sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia hivyo. Alisema zilibaki hatua kumi, mtu alikuwa amesimama kwa miguu yake, ule ulikuwa mkono wa baba mzazi. Bwana Saa alisema anaelewa na anasikitika kweli. Kisha akasema, "Jambo moja tu. Watu wa ufuoni walikuwa wameambiwa? Kama hawakuambiwa, kosa ni la maandalizi, si la muogeleaji, naandika hivyo na chama kitampa nafasi nyingine msimu ujao. Kama waliambiwa na yeye akashika, basi sheria imevunjwa kwa makusudi, sina la kufanya."

"Waliambiwa," alisema Bwana Chura, mtu mkweli wa kuchosha. Halafu labda tumaini lilimpitia. Akaita. "Yudita! Njoo."

Nilikwenda na ungo wa maharage mkononi. Aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, ili pasiwe na kukosea, "Uliwaambia wazee kama nilivyokuagiza? Kwamba asiguswe, hata na baba yake?" Bwana Saa alinitazama kalamu ikiwa wazi. Na Damiano, pale kwenye ngazi ya lori, aliacha kutafuna.

Nilikuwa nimesikia Kiingereza chote. Nilijua kwamba "hapana" yangu moja ni meli ya kwenda Ulaya. Nilijua pia kwamba ni mimi, yule binti mwenye akili, ninayesimama mbele ya mgeni wa Bwana na kukiri kwamba nilitumwa neno moja nikala samaki badala yake. Nitafukuzwa, nitarudi nyumbani, na kila mtu atajua kwamba kazi ya siku nzima majini ya mtu yule niliizamisha mimi. Hakuna aliyenitisha wala kunishika shati. Woga ulikuwa wangu mwenyewe, nami sitafuti pa kuuweka. Nilisema, "Ndiyo, Bwana. Niliwaambia." Damiano alinitazama. Hakunitazama vibaya. Kisha akageukia hindi lake, akalimaliza mpaka kwenye gunzi, na Bwana Saa akafunga kalamu. Basi lilipokuja lilisimama dakika chache tu. Nilirudi kwenye maharage, na nilichambua yote, sikubakiza hata jiwe moja.

Bwana Chura hakuogelea tena mwaka ule, na kabla ya mwaka kwisha waliondoka kwenda kwao. Kile kikombe cha Mwanza kilifungwa kwenye sanduku lao kwa bahati mbaya au kwa kusahau, sijui. Damiano alipewa kazi ya pampu kiwandani, akajifunza ufundi, na siku moja alikuja nyumbani kwa wazazi wangu na mshenga. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, palikuwa na maneno mengi, lakini alisubiri mpaka maneno yakaisha. Nilijiuliza kwa nini mimi. Nilijiambia hajui. Niliolewa naye nikiamini hajui, na nilimpenda kwa bidii ya mtu anayelipa. Tulihamia Makambako, yeye akatengeneza pampu za watu, Uhuru ukaja, reli ikaja, watoto wakazaliwa na kwenda zao. Hakuingia majini tena. Watoto walipomuuliza habari za kuogelea aliwaambia kwamba alikuwa akiogelea ili apate joto, na sasa ana blanketi. Kila asubuhi nilimpikia uji wa ulezi, na kila asubuhi alikishika kikombe kwa mikono miwili, akaniangalia, akaniuliza lile swali la kwao, "Una neno, Mama Tumaini?" Nami nikajibu kama kawaida. Mara nyingi nilikaribia. Mwaka baba yake alipofariki nilikaribia sana. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, na mtu mwenyewe ametulia, ya nini kumwamsha. Nilizeeka na neno lile kama mtu anavyozeeka na jino bovu, unajifunza kutafunia upande mwingine.

Basi siku ya nne baada ya mazishi, Skola alikuwa anafuta sahani na mimi nasuuza. Alikuwa akicheka peke yake, kicheko cha msibani kile kinachokuja chenyewe. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Nakukumbuka wifi ulivyokuja kwetu mara ya kwanza. Nilikuwa mdogo, nimejificha nyuma ya vyungu. Ulisalimia mpaka tukachoka. Halafu ukamwomba baba asimhesabie kaka salamu! Tumelicheka hilo nyumbani miaka yote."

Sahani ilinitoka, haikuvunjika. Nikamuuliza, "Damiano alijua?"

"Si baba mwenyewe alimwambia? Jioni ile ile, wakila. Kaka alimuuliza, yule dada hakuwaambia nisiguswe? Baba akasema, hakusema hivyo, alisema tu tusikuhesabie salamu, nami nikamwambia tutakusalimia sisi. Kaka akacheka mpaka akatapika maji ya ziwa." Alifuta sahani nyingine. "Kisha akatukataza. Akasema asitokee mtu wa kulisema kwa Wazungu, dada wa watu atafukuzwa. Na ulipoolewa akatukataza tena. Akasema hilo ni neno lako, siku ukitaka utalisema mwenyewe."

Nilikaa kwenye kigoda. Kwa hiyo pale Makambako, kwenye ngazi ya lori, alikuwa anajua. Alisikia swali, alisikia jibu langu, na kama angesimama tu na kusema "Bwana, baba yangu hakuambiwa," angekwenda. Alimaliza hindi lake. Nilidhani nitalia, lakini kilichonijia ni hasira, hasira ya uchovu, kwamba mtu anakubebea mzigo na hakuambii kwamba ameubeba, unaendelea kuinama peke yako miaka yote hiyo. Nilitaka kwenda makaburini nikamgombeze. Skola aliona uso wangu akaacha kufuta.

"Wifi, hakukuuliza hata siku moja?"

"Aliniuliza kila asubuhi," nikamwambia.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia sina neno, anywe uji kabla haujapoa."